Tuliangalia Kiti cha Harry, Tukaacha Kuusoma Ukumbi

Baada ya Mfalme Charles III kuvishwa taji ndani ya kanisa la Westminster Abbey Jumamosi ya Mei 6, 2023, makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao huku kwetu zilitawaliwa na picha mbili. Ya kwanza ni ya Mwanamfalme Harry akiwa safu ya tatu, uso umezibwa na unyoya mwekundu wa kofia ya shangazi yake Anne aliyeketi mbele yake. Ya pili si ya siku ile kabisa. Ni ile ya Septemba 2022, viongozi wa Afrika wakiwa ndani ya basi kuelekea mazishi ya Malkia Elizabeth II, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais William Ruto wakiwamo, picha ambayo hufufuliwa kila London inapotajwa. Hukumu iliyotolewa juu ya picha zote mbili ni ya aina moja: Harry kakomolewa na baba yake, na viongozi wetu hawahesabiwi kitu mbele ya Waingereza. Naona hukumu hiyo imepotoka pande zote mbili, na imetufanya tupitwe na jambo kubwa zaidi lililokuwa wazi mbele ya macho yetu kwa saa mbili nzima. Viti vya siku ya kutawazwa ni hati ya kisiasa. Safari hii hati hiyo ilisema kwamba ufalme unaosimama juu ya damu umeanza kuwaketisha watu kwa kazi zao. Na kuhusu sisi ilisema kwamba rais wa jamhuri hukaa mbali na madhabahu kwa sababu hana utii anaodaiwa pale.

Tuanze na sheria, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Charles hakupata ufalme Mei 6. Alikuwa mfalme tangu Septemba 8, 2022, dakika ile ile mama yake alipokata roho huko Balmoral, na siku mbili baadaye baraza rasmi likamtangaza. Ndugu wa babu yake, Edward VIII, alitawala karibu mwaka mzima wa 1936 na kung'atuka bila kuvishwa taji hata siku moja, na hakuna aliyewahi kusema hakuwa mfalme. Katika ibada nzima ya Jumamosi, kilichodaiwa na sheria ni viapo, na kikubwa kati ya hivyo ni kile cha sheria ya mwaka 1688. Mafuta, panga, bangili, fimbo, nani anatangulia na nani anafuata: hayo yote yangeweza kuachwa na serikali ya Uingereza isingetikisika. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba tunapoteza muda kuchambua maigizo. Mimi nafikia mwisho ulio kinyume nikianzia pale pale wanapoanzia wao. Jambo ambalo sheria hailazimishi linapofanywa kwa gharama kubwa na kwa uangalifu wa kiasi kile, kila kipande chake kimechaguliwa na mtu kwa sababu fulani. Kiti ambacho hakuna sheria iliyokiweka mahali pake kimewekwa na maamuzi, na maamuzi husomeka.

Wenye kuamua wanajulikana. Msimamizi mkuu ni Earl Marshal, cheo kinachorithiwa na wakuu wa Norfolk, ambao ni Wakatoliki na bado ndio wanaoandaa ibada kuu ya Kanisa la Anglikana. Kabla ya kila kutawazwa hadi ule wa 1953, ilikaa mahakama maalumu ya kusikiliza madai: ukoo fulani unadai haki ya kubeba spuri za dhahabu, mwingine haki ya kusimama kando ya Mfalme na kumshika mkono. Watu walikwenda na karatasi za mababu zao kuthibitisha. Safari hii mahakama hiyo haikuitishwa. Kazi yake ilipewa ofisi ndani ya idara ya Baraza la Mawaziri. Badiliko hilo halikuwashtua watazamaji wa televisheni, lakini tayari lilikuwa limeshasema jambo: madai ya ukoo yatapokelewa na mtumishi wa umma kwenye meza ya ofisi, kama maombi mengine yoyote.

Sasa tazama idadi. Mwaka 1953, Elizabeth alipotawazwa, waliokuwamo ndani ya Abbey walikuwa 8,251. Mwaka 2023 hawakuzidi sana 2,300. Maelezo ya haraka ni kwamba Mfalme alitaka hafla ndogo wakati wananchi wake wanahangaika na bei za umeme na chakula, na hilo ni kweli kiasi. Ni kweli pia kwamba mwaka 1953 kanisa lilifungwa kwa miezi, yakajengwa majukwaa ya ngazi juu kwa juu hadi karibu na madirisha, na kanuni za usalama za leo zisingeruhusu kitu kama kile. Kwa hiyo sehemu ya upungufu ni hesabu tupu ya mbao na milango ya dharura. Lakini hesabu ya mbao haikwambii nani wa kukatwa. Viti vilipopungua kutoka elfu nane hadi elfu mbili na ushei, wangeweza kupunguza kila kundi kwa uwiano ule ule. Hawakufanya hivyo. Kundi moja lilikatwa karibu lote, na kundi hilo ni malodi wa kurithi.

Mwaka 1953 malodi walijaza upande mzima wa kanisa, wake zao wakajaza upande wa pili, wote wakiwa na majoho mekundu yenye manyoya meupe na taji ndogo mkononi, wakingoja kuzivaa kwa pamoja pale Malkia alipovishwa lake. Wakati ule kurithi cheo cha kilodi kulikupa kiti katika Baraza la Malodi, yaani kulikupa kura katika kutunga sheria za nchi. Mwaka 1999 serikali ya Tony Blair iliwaondoa karibu wote barazani na kuwabakiza 92. Kwa hiyo kilichotokea Jumamosi ni kwamba kanisa limekuja kulipata bunge baada ya miaka 24. Walioalikwa kujaza nafasi zile ni watu wa namna nyingine kabisa: wapatao 450 waliokuwa wametunukiwa nishani kwa kazi za kujitolea mitaani kwao, wengi wao kwa yale waliyoyafanya wakati wa korona, huku vijana 400 wakiifuatilia ibada kutoka kanisa jirani la St Margaret's. Mwalimu mstaafu aliyepika chakula cha wazee wa mtaa wake alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuketi ndani kuliko bwana ambaye babu yake alikuwamo mwaka 1902, 1911, 1937 na 1953.

Ukitaka kuliona badiliko hilo kwa karibu, mwangalie mbeba upanga. Upanga wa Dola una uzito wa zaidi ya kilo tatu na nusu, na hubebwa ukiwa wima, mikono mbele, bila kuuegemeza popote. Mwaka 1953 aliubeba Marquess wa Salisbury, lodi wa kurithi kutoka moja ya koo zenye nguvu kuliko zote Uingereza. Mwaka 2023 aliubeba Penny Mordaunt, wakati huo mbunge wa kuchaguliwa kutoka mji wa bandari wa Portsmouth na Kiongozi wa Baraza la Makabwela, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Watu wamesifia mabega yake na gauni lake la buluu. Mimi nimesifia kitu kingine: kwamba mkono ulioshika upanga wa Mfalme mbele ya dunia nzima ni mkono ambao wapiga kura wa Portsmouth waliweza kuuondoa kazini kwenye uchaguzi uliofuata wa 2024.

Na ukitaka kuliona zaidi, litazame lile tendo la kuapa utii. Mwaka 1953 baada ya Askofu Mkuu walipiga magoti wanaume wa ukoo wa kifalme, kisha lodi mkubwa wa kila daraja kwa niaba ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, wakigusa taji na kuahidi. Mwaka 2023, ukimwacha Askofu Mkuu, aliyepiga magoti ni mtu mmoja tu, William, mrithi, ambaye baada ya kuapa aligusa taji na kumbusu baba yake shavuni. Mahali pa malodi pakawekwa mwaliko kwa wananchi wote, popote walipo, waseme kiapo kwa sauti wakitaka. Jambo hili liliwaudhi wengi huko Uingereza, hata waliokuwa wanaupenda ufalme, na kufikia siku yenyewe maneno yakawa yamelainishwa, ikawa ni kualikwa kuunga mkono tu. Niliona ubishi ule ni wa haki. Kumwomba raia mbele ya televisheni yake aape utii ambao hakuwahi kuombwa na mfalme yeyote kabla ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Lakini hata kosa lile linaonyesha mwelekeo ule ule: Ikulu inajua kwamba idhini ya malodi haina thamani tena, na inatafuta mahali pengine pa kuipata.

Ndipo tunapofika kwa Harry. Wanaosema aliadhibiwa wana hoja inayoeleweka: yeye ni mtoto wa Mfalme, wa tano katika mstari wa urithi, na watoto wadogo wa kaka yake, Charlotte na Louis, walikuwa safu ya kwanza. Miezi minne kabla alikuwa ametoa kitabu kilichoanika siri za nyumbani kwao. Nani asingeunganisha mambo hayo mawili? Lakini tazama waliokuwa naye. Safu ile ile alikuwapo baba yake mdogo, Andrew, mtoto wa Malkia wa kumzaa. Pembeni kabisa ya Harry alikuwapo Binti Mfalme Alexandra, binamu wa Malkia, mama aliyekuwa na miaka 86, anayeheshimiwa na kila mtu katika ukoo ule, ambaye hajawahi kumuudhi yeyote. Kama safu ya tatu ni adhabu, bibi huyo kaadhibiwa kwa kosa gani? Na ule unyoya uliozua vicheko vyote ulikuwa sehemu ya sare ya kijeshi ya Anne, ambaye siku ile alikuwa na kazi ya heshima ya ulinzi wa Mfalme, na baada ya ibada alipanda farasi na kufuata gari la dhahabu hadi Buckingham. Mtu yeyote aliyewahi kupanga viti vya harusi anajua kwamba shangazi mwenye kazi ya kumtoa bibi harusi huwekwa mahali pa kutokea upesi, na aliyekaa nyuma yake hana la kulalamika.

Kuna ushahidi mwingine unaopuuzwa. Kwenye mazishi ya bibi yake mwaka 2022, Harry alikaa safu ya pili, nyuma tu ya baba yake. Ugomvi ulikuwapo tayari wakati ule; alikuwa ameacha kazi za kifalme tangu 2020 na kuhojiwa na televisheni ya Marekani mwaka uliofuata. Kilichobadilika ni aina ya hafla. Mazishini alikuwa mfiwa, na mfiwa hukaa kwa ukaribu wa damu. Kwenye kutawazwa ukaribu wa damu haukutosha. Walioketi mbele ni William na Edward, wake zao na watoto wao, yaani wale waliobeba mzigo wa kazi za kila siku za Mfalme na nyumba zao.

Lakini sitaki kulimaliza suala hili kwa kusema ni itifaki tu, maana huo nao ni uvivu wa kufikiri. Kanuni kwamba wanaofanya kazi ndio wanaotangulia si ya zamani. Hakuna mtu aliyeikuta imeandikwa kwenye ngozi ya karne ya kumi na nne. Imekomaa juzi, baada ya mkutano wa ukoo huo kuhusu kuondoka kwa Harry, uliofanyika Sandringham Januari 2020, na Mfalme mwenyewe ameishika kwa nguvu. Mpangilio hata haukuifuata kwa ukamilifu, kwani Alexandra naye amefanya kazi za kifalme maisha yake yote na bado akawa safu ya tatu. Kwa hiyo, ndiyo, kulikuwa na uchaguzi wa mtu, na wanaomhurumia Harry hawajakosea kabisa wanapouona. Kosa lao ni kudhani uchaguzi huo ulimhusu Harry peke yake. Ulihusu msingi wa nyumba yote. Charles mwenyewe hakuwa na sifa nyingine ya kukalia kile kiti cha mwaloni kilichotengenezwa kwa amri ya Edward I zaidi ya miaka 700 iliyopita ila kwamba alizaliwa wa kwanza. Hakuchaguliwa, hakufanya mtihani, hakuomba kazi. Kisha mtu huyo, aliyewekwa pale na damu, anawapanga wengine kwa kazi na kuiambia damu yake mwenyewe ikae nyuma. Huo ni mkanganyiko mkubwa, na siku moja utamdai jibu mtu fulani katika ukoo ule. Ikiwa kazi ndiyo inayostahilisha kiti cha mbele, mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini kanuni hiyo iishie safu ya kwanza na isifike kwenye kiti chenyewe.

Nilitazama ibada ile sebuleni kwa ndugu zangu, na swali lililorudi tena na tena lilikuwa: viongozi wetu wako wapi? Rais Ruto na Rais Kagame walikuwamo ndani ya kanisa, lakini kamera ziliwapita. Hapo ndipo maneno ya kudharauliwa yalipoanza, na hapo ndipo historia yetu wenyewe ingetusaidia kama tungeikumbuka.

Watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiketi kwenye kutawazwa kwa wafalme wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 120. Mwaka 1902 alikwenda Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda na mmoja wa walezi wa kiti cha Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto, akifuatana na katibu wake Ham Mukasa, aliyeandika kwa Kiganda kila alichokiona. Edward VII alipatwa na maradhi ya tumbo na kupasuliwa, hafla ya Juni 26 ikasogezwa hadi Agosti 9. Wajumbe wengi wa Ulaya wakarudi makwao, Waganda hao wakabaki kungoja. Mwaka 1953 alikwenda Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, mtu aliyekuwa madarakani tangu 1911, mwenye miaka zaidi ya 70, aliyekwisha kutawala muda mrefu kuliko karibu kila mtawala aliyekuwa hai. Alipewa nafasi katika msafara wa magari ya farasi pamoja na masultani wa Kimalaya, Sultani wa Lahej na Malkia Salote wa Tonga, yule aliyeipendeza London yote kwa kukataa kufunika gari lake huku mvua ikimnyeshea.

Swali la kujiuliza ni kwa nini Sultani wa Zanzibar alikuwapo, ilhali Mfalme wa Norway hakuwapo. Norway ilimtuma mrithi wake, Olav. Uholanzi ilimtuma mume wa Malkia. Desturi ilikuwa kwamba mfalme aliyevishwa taji hahudhurii kutawazwa kwa mfalme mwenzake, kwa kuwa tendo lile ni agano kati ya mfalme, watu wake na Mungu wao, na mwenye enzi nyingine hana nafasi humo. Sultani Khalifa, pamoja na utu uzima wake na miaka yake 41 ya utawala, hakuwekwa katika hesabu ya wenye enzi kamili. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa chini ya Uingereza tangu 1890. Alialikwa kama mtu wa ndani ya himaya. Gari lile la farasi, na heshima yote ya barabarani, ilikuwa risiti ya uhuru aliokuwa hana. Na huko Kenya, mwezi huo wa Juni 1953, hali ya hatari ilikuwa imeshatimiza miezi saba, na Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria haijapita hata miezi miwili.

Sasa rudi Jumamosi. Waliopewa heshima ya kuingia kwa maandamano nyuma ya bendera za nchi zao ni magavana wakuu na mawaziri wakuu wa zile nchi 14 nje ya Uingereza ambazo Charles bado ni mkuu wao wa nchi: Jamaika, Kanada, Australia, Papua New Guinea na wenzao. Tanganyika ilikuwa nchi ya aina hiyo kwa mwaka mmoja kamili, Desemba 9, 1961 hadi Desemba 9, 1962, ikiwa na gavana mkuu Richard Turnbull. Uganda ilikuwa hivyo hadi Oktoba 1963, Kenya hadi Desemba 1964. Wazee wetu wangeiacha hali ile iendelee, leo gavana mkuu wa Tanganyika angepita katikati ya kanisa nyuma ya bendera yake, kamera zote zikimwelekea, nasi tungeshangilia kwamba tumeheshimiwa. Wao walichagua jamhuri. Kiti cha Ruto na cha Kagame, mbali na kamera, katikati ya wakuu wengine wa nchi wasiomdai Charles chochote wala kudaiwa naye, ndicho kiti walichotununulia wazee wale.

Hoja ya basi ndiyo dhaifu kuliko zote, na naishangaa nguvu yake. Siku ya mazishi wafalme na marais kutoka pande nyingi za dunia walipakiwa mabasi kwa sababu za usalama na msongamano. Joe Biden, aliyeruhusiwa kuja na gari lake, ndiye aliyeishia safu ya kumi na nne, na wapinzani wake huko Marekani wakapiga kelele zile zile tunazopiga sisi kwamba nchi yao imedharauliwa. Viongozi wa Jumuiya ya Madola walitangulizwa siku ile. Anayetaka kupima hadhi ya Afrika kwa picha ya basi awe tayari pia kusema kwamba siku ile Marekani ilikuwa chini yetu, jambo ambalo hakuna anayeliamini.

Dharau ya kweli, kama ipo, itafutwe kwingine. Wakati wa kupakwa mafuta, tendo takatifu kuliko yote, Mfalme alifichwa na pazia la pande tatu lililotariziwa mti wenye majani 56, kila jani na jina la nchi moja ya Jumuiya ya Madola. Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda imo. Majina yetu yaliwekwa kuuzungushia mwili wa mfalme katika ibada ya dini ambayo mamilioni ya raia wetu si waumini wake, na sijasikia mjadala wowote katika mabunge yetu kama tulitaka kuwemo. Ni kazi ya sindano iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, tena naamini kwa nia njema. Lakini hapo ndipo ningetarajia maswali, si kwenye viti vya basi.

Tukumbuke pia kwamba orodha ya wageni ilikuwa sera ya mambo ya nje iliyovaa nguo za ibada. Urusi, Belarus, Iran, Syria, Myanmar, Afghanistan na Venezuela hazikualikwa. China ilialikwa na ikamtuma Makamu wa Rais, Han Zheng, aliyehusishwa na kubanwa kwa uhuru wa Hong Kong, na baadhi ya wabunge wa chama kilichotawala Uingereza wakati ule wakakasirika. Na ile desturi ya wafalme kutohudhuriana ilivunjwa: walikuja Felipe wa Hispania, Willem-Alexander wa Uholanzi, Letsie III wa Lesotho, Mswati III wa Eswatini. Naona hili ni kubwa kuliko Harry mara kumi. Agano la mfalme na watu wake limegeuka kuwa pia mkutano wa wenye kazi moja, wanaotazamana wakijua wamebaki wachache. Hata mambo ya imani yalipangwa kwa jicho hilo: bangili zililetwa na Lodi Kamall ambaye ni Mwislamu, joho na Bi Merron ambaye ni Myahudi, pete na Lodi Patel ambaye ni Mhindu, glavu na Lodi Singh ambaye ni Singasinga. Wote wanne ni malodi wa kuteuliwa kwa maisha yao tu, ambao watoto wao hawatarithi kitu.

Yanatuhusu nini haya baada ya kelele kwisha? Yanatuhusu kwa sababu sisi nasi tunaapisha. Kenya imeandika kwa sheria ya mwaka 2012 jinsi rais anavyoshika madaraka, ikiwa ni pamoja na rais anayeondoka kumkabidhi mwenzake upanga na nakala ya katiba mbele ya umma. Huku Tanzania rais mpya hupewa mkuki na ngao na wazee wa kimila. Tunajua kusema itifaki imezingatiwa kabla ya kila hotuba, lakini ni mara chache tunakaa tukauliza meza kuu yetu inasema nini: Jaji Mkuu yuko wapi kulingana na wakuu wa majeshi, kiongozi wa upinzani aliyeshindwa kwa kura chache kawekewa kiti au kaachwa atazame kwenye televisheni, wafanyabiashara waliochangia kampeni wamekaa mbele ya majaji au nyuma yao. Katika nchi ambayo katiba inasema mamlaka ni ya wananchi, wananchi wenyewe huwa kwenye jua la jukwaa la mzunguko, na wenye kadi huwa kwenye kivuli. Waingereza wameanza, kwa kusuasua na kwa makosa, kuhamisha viti kutoka kwa waliozaliwa kwenda kwa waliotenda. Sisi, ambao hatuna mfalme wa kutuzuia, hatuna sababu ya kuwa nyuma yao katika hilo.

Barbados ilijiondoa chini ya taji Novemba 2021, na Jamaika imeshasema wazi kwamba nayo inajiandaa. Ikifika zamu ya William, maandamano ya bendera yatakuwa mafupi zaidi, na baadhi ya waliopita katikati ya kanisa mwaka 2023 watakuwa wameketi kando pamoja na marais wetu. Idara zetu za itifaki zina miaka ya kutosha ya kuamua mapema kama rais aende, amtume balozi, au atume salamu tu, na kuuliza kwa barua, kabla pazia halijatariziwa, jina la nchi yetu litawekwa wapi na kwa idhini ya nani.